Mtu Baki

Machi 4

Daftari hili lilikuwa la vipimo vya wateja. Nimechana kurasa sita za mwanzo, zenye viuno na mabega ya watu, kwa sababu leo mtu nisiyemjua ameniomba niandike.

Nilikuwa nashona sketi za shule alipobisha. Hakubisha mlango wa barabarani, wanakobisha wateja. Alibisha wa nyuma, unaotazama mlima. Huko nyuma hakupiti mtu, kwa hiyo nilishika mkasi kabla ya kufungua. Mwanamume mrefu, koti la mvua, buti zimejaa tope. Hana barua, hana kitambulisho shingoni.

"Dada, samahani kwa usumbufu. Napima huu mlima. Njoo uone kitu."

Sikwenda. Nilisimama kizingitini na mkasi wangu, yeye akanyoosha kidole. Hatua kama kumi na tano kutoka ukuta wangu, ardhi imepasuka, ufa wa kupitisha vidole viwili. Nimeuruka sijui mara ngapi nikienda kuanika nguo. Nilidhani ni jua limekausha udongo.

Alikuwa ameshapigilia vigingi viwili, kimoja upande huu wa ufa, kingine upande ule. Akaitazama futi iliyokuwa ikining'inia shingoni mwangu.

"Kila siku pima toka kigingi hiki mpaka kile, uandike. Na ukiona mengine uandike. Mlango ukigoma kufunga. Maji ya chemchemi yakibadilika rangi."

"Kwani kuna nini?"

"Labda hakuna," akasema. "Ndiyo maana nataka mtu apime."

Sentimita 50.

Machi 5

50. Jua kali.

Nimemwambia Mama Pacha. Tumeshiriki ukuta mmoja miaka tisa, na kabla ya hapo tulishiriki dawati. Niliporudi kutoka kwenye ndoa yangu na begi moja na mimba ambayo haikukaa, yeye ndiye aliyenikogesha. Alinilisha kwa kijiko wiki nzima, na kila aliyekuja kunitazama kwa udadisi alimwambia nimelala. Mumewe yuko kazini mbali, huja mara moja kwa mwaka. Nyumba ile aliijenga mwenyewe, tofali moja moja. Humo anaishi na watoto wake pacha, wasichana wa miaka saba wanaoniita Mama Mdogo, na mama mkwe wake, Bibi, ambaye miguu ilimkatalia mwaka juzi lakini mdomo bado mzima.

Alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. "Mwanamume kaja mlango wa nyuma, nawe umekubali akupe kazi za nyumbani kama mtoto wa shule!" Kisha akaacha kucheka. "Ana barua?"

"Hana."

"Katumwa na nani?"

"Sikuuliza."

Akanikumbusha ng'ambo ya bonde. Miaka minane iliyopita walikuja wanaume wenye vigingi, wakawaambia watu udongo mbovu, hameni. Watu wakahama. Leo pana maghorofa na walinzi getini. "Ule udongo mbovu sasa umebeba ghorofa nne," akasema. "Ulipona lini?"



Machi 8

50. Mvua ya kwanza, dakika kumi.

Machi 9

50.

Machi 12

50 na nusu. Nimepima mara tatu. Labda futi imevutika.

Machi 15

51. Futi haijavutika, nimeipima kwa rula ya shule.

Amepita tena. Hakuingia, alisimama nje kwenye manyunyu. Alisoma namba zangu kwa muda mrefu kuliko zilivyostahili, kisha akasema, "Kitanda chako kiko ukuta wa nyuma. Kihamishie mbele."

"Umejuaje kitanda changu kilipo?"

"Nyumba zote za mstari huu zimejengwa hivyo, dada."

Jibu liliniridhisha mpaka alipoondoka, kisha likaacha kuniridhisha. Nimehamisha kitanda. Mkasi mkubwa nimeuweka chini ya mto. Sijui nimeukimbia mlima au nimemkimbia yeye.

Machi 19

52. Mvua siku ya tatu mfululizo. Udongo una harufu ya chuma.

Kumekuwa na kikao cha mtaa. Wameapa kung'oa kila kigingi na kumng'oa aliyevipigilia. Mama Pacha alisimama akasema maneno makali, na akapigiwa makofi. Mimi nilikaa nyuma. Vya kwangu nimevifunika kwa kipande cha bati.

Wale pacha wamempa jina: Bwana Vigingi. Wanacheza kupimana vichwa kwa kamba. "Mama Mdogo, mimi nimeongezeka!" anapiga kelele mmoja, nami natoka kupima tena.

Machi 23

53, nilipima asubuhi. Baadaye ndipo yametokea haya.

Saa nne nilisikia ukelele wa mwizi. Hakuwa mwizi. Walikuwa wameng'oa vigingi vya mlima wote na wanamfukuza navyo. Nilichungulia dirisha la nyuma. Anashuka akiteleza, koti limechanika, paji la uso linavuja damu, na nyuma yake wanaume ambao nawashonea suruali. Akaja moja kwa moja mlangoni kwangu. Hakubisha. Alisimama tu akinitazama kupitia kioo cha dirisha.

Natamani niandike kwamba nilimhurumia. Niliogopa. Niliogopa asije akafia mlangoni kwangu, niliogopa wasije wakamkuta, na nilimwogopa yeye mwenyewe, mwanamume anayetokwa damu na mimi peke yangu. Mkono ulifungua mlango kabla sijamaliza kuogopa.

Aliingia chini ya meza ya kukatia. Nikashusha jora la kaki mpaka sakafuni, nikakaa kwenye cherehani, nikaanza kushona. Baadaye niligundua nilikuwa nashona bila uzi.

Vishindo vikapita. Kisha mlango wa barabarani ukabishwa kwa kiganja kizima, ubishaji ninaoujua tangu utoto. Mama Pacha, mwiko mkononi, anahema.

"Uko salama? Wanasema kakimbilia huku."

"Niko salama."

"Hayumo humu?"

Miaka yote hii sijawahi kumdanganya zaidi ya kumwambia gauni limempendeza. Nilimtazama machoni.

"Hayumo."

"Basi jifungie. Nikisikia hata chafya yako nakuja na sufuria la maji ya moto."

Na angekuja. Hilo ndilo lililonichoma. Angekuja kweli.

Alipoondoka nilimfunga yule mtu jeraha kwa kitambaa cha mfuko wa suruali. Nikamuuliza aliyemtuma ni nani.

"Mlima huu sikutumwa," akasema. "Mwaka juzi nilitumwa kupima mwingine. Nikapeleka namba kwa wakubwa, wakaniambia nisubiri. Nikasubiri." Akagusa kitambaa cha jeraha. "Safari hii sikuwauliza."

"Walikufa wangapi?"

Aliomba daftari, akapigia mstari namba zangu. "Nisikilize, dada. Ikiongezeka siku moja kuliko ilivyoongezeka wiki nzima, toka. Chemchemi ikikauka na mvua inanyesha, toka. Usirudi hata kuchukua cherehani."

"Na majirani?"

"Mimi hawatanisikiliza. Wewe ni mwenzao."

Alitoka mchana, mtaa ulipokwenda kula, amevaa kanzu kuukuu niliyoachiwa na mteja. Jina lake sikuliuliza.

Machi 24

53. Hajaonekana.

Machi 27

53 na nusu. Hajaonekana.

Machi 31

54. Mlango wa nyuma umegoma kufunga. Nimeusukuma kwa bega, ukalia kama mtu.

Nilikwenda kwa Mama Pacha kumwambia kuhusu mlango. Akasema mbao hunywa maji kila masika, na ni kweli. Bibi akaita kutoka chumbani nimwinulie mto.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia unataka tuhame."

"Naogopa, Bibi."

"Ogopa tu, una miguu." Akacheka mpaka akakohoa. "Mkihama mniachie redio. Na betri mpya, si zile anazoninunulia mkwe wangu, zinakufa kabla ya taarifa ya habari."

Mama Pacha alicheka naye. Nami nilicheka, huku nikitazama ufa mwembamba juu ya kitanda cha Bibi. Wiki iliyopita haukuwapo.

Aprili 3

55. Chemchemi imekuwa kama chai ya maziwa.

Aprili 6

55 na nusu.

Mama Pacha amejua. Mmoja wa pacha siku ile alikuwa nyumbani na mafua. Akachungulia dirishani kwangu, akaona mguu wenye buti chini ya kaki. Amekaa na siri yake wiki mbili, leo imemtoka akila.

Mama Pacha alikuja. Safari hii hakubisha.

"Nilikuuliza," akasema. "Nilisimama hapa nikakuuliza kwa mdomo wangu."

"Wangemuua."

"Sisemi wangemuua au wasingemuua! Nasema nilikuuliza mimi. Ungeniambia yumo, unadhani ningepiga kelele? Ningeingia, nikakaa na wewe." Machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa amekasirika kwamba yanamtoka. "Umemficha mtu usiyemjua hata jina, ukanificha mimi kwa ajili yake. Sasa mwenzako nani, mimi au yeye?"

Nilitaka kusema, wewe. Badala yake nikasema, "Ufa umefika hamsini na tano na nusu."

Alinitazama kama ninavyotazama mlango wa nyuma.

Aprili 7

55 na nusu. Hajanisalimia.

Aprili 9

56. Hajanisalimia. Pacha wamekatazwa kuja.

Aprili 10

56. Mvua. Kwake walikuwa wanacheka, nikasikia kupitia ukuta. Zamani ningeuliza, mnacheka nini huko, na wangenijibu.

Aprili 12

56 na nusu. Nimegonga nyumba nyingine tatu za mstari huu. Wa nyumba ya kona walinisikiliza kwa adabu, wakanipa kiti, wakaniuliza kama Bwana Vigingi amenioa. Kwa Mama Pacha hapakufunguliwa.

Ningeweza kuhama peke yangu. Nimefunga begi mara mbili. Kinachonizuia si ushujaa. Naogopa kuwa hai peke yangu, nimesimama barabarani na begi, nikiwa nilijua.

Aprili 13

57.

Aprili 15, darasani

Jana sikuandika; usiku tulilazwa hapa shuleni kwa pacha, na daftari lilikuwa mfukoni mwangu. Naandika yote leo, kwa mpangilio, nisije baadaye nikajipendelea.

Jana asubuhi futi ilisema 58. Saa tano nilitoka kupima tena, sijui kwa nini. Ilisema 66. Kigingi cha juu kilikuwa kimeinama kuelekea kwangu. Mvua ilikuwa inamwagika, na chemchemi ilikuwa kavu. Jiwe tu, limelowa mvua. Ndege hawakuwapo. Kulikuwa na sauti chini ya ardhi kama mtu anayesaga meno.

Nilikwenda dirishani kwa Mama Pacha nikapiga kelele. Redio ya Bibi ilikuwa inasikika. Alikuja, hakufungua, akasema kupitia nondo, "Nenda kwa huyo rafiki yako akakupimie."

"Imeongezeka nane tangu asubuhi. Tumtoe Bibi, tushike shuka huku na huku. Nakuomba."

"Mara ya mwisho ulinitazama hivyohivyo," akasema, "ukanidanganya." Akafunga dirisha.

Nikakimbia shuleni, ng'ambo ya barabara kuu. Nilimwambia mwalimu wa pacha kwamba mama yao kanituma. Hakusita hata kidogo, mimi ni Mama Mdogo. Pacha wakanishika mikono, huyu huku, huyu huku, wanaruka madimbwi. Nilipofika ukingo wa barabara nikampigia simu.

"Watoto wako ninao. Nipo kituoni, naondoka nao kwa basi la kwanza. Hutawaona tena."

Nilisikia pumzi yake ikikatika. Nilimtisha rafiki yangu kwa kitu ninachojua kinamtisha kuliko vyote. Ninakijua kwa sababu aliniambia mwenyewe, siku nilipompoteza wangu.

Alitoka bila viatu. Alikuja akipiga mayowe kwamba mwizi, mwizi wa watoto, na jina langu. Mtaa mzima ukamwagika nyuma yake kutazama. Wa kona walikuja na mwavuli. Watu kumi na wanne walivuka barabara kuja kuona wanawake wawili wakipigana. Alinifikia akanipiga kibao, akanipiga cha pili, pacha wakalia, nami nikawa nasema, "Bado Bibi, twendeni tukamtoe Bibi, wote," na hakuna aliyesikia.

Kisha tukasikia wote.

Haikuwa kelele kubwa kama nilivyofikiri itakuwa. Mlima ulikaa chini, kama mtu aliyechoka, ukaja na miti yake ikiwa imesimama wima. Nyumba nne. Halafu mvua tu.

Mama Pacha alikuwa bado ameshika kola yangu. Aliiachia, akaanza kukimbia kuelekea kule. Ilibidi wanaume watatu wamzuie.

Aprili 17

Wamempata Bibi. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa ndani.

Aprili 18

Tumezika. Nilisimama mbali. Mama Pacha alipopita karibu yangu alisema polepole, bila hasira, "Ulijua yuko mle."

"Nilijua."

"Ulijua hawezi kutoka."

"Nilijua. Nilifikiri tutawahi kurudi." Kisha, kwa kuwa sitaki kumdanganya mara ya pili, nikasema, "Na nilijua huenda tusiwahi."

Akaendelea kutembea.

Aprili 20

Amekuja mtu wa ofisini, safari hii na barua, na muhuri, na gari. Nikamuuliza kuhusu mpimaji mrefu, mwenye kovu bichi kwenye paji la uso. Akasema mlima huu haukuwa kwenye orodha, hakuna aliyetumwa. Akaniuliza jina la huyo mtu. Wa kona wakanigeukia. Siku hizi wananitazama kwa heshima ninayoiogopa.

"Simjui," nikasema.

Aprili 21

Karani amepita na fomu, anagawa watu kwa familia ili wapate vyumba kwenye jengo la zamani la chuo. Alipofika kwetu akaona pacha wamelala, kichwa cha mmoja mguuni kwangu. Walikuja wenyewe usingizini.

"Huyu ni nani wenu?" akamuuliza Mama Pacha, akinielekezea kalamu.

Nikajibu mimi. "Rafiki."

"Rafiki haimo humu, dada." Hakuwa na ubaya, alikuwa amechoka. Akasoma kwa sauti: "Mzazi, mume, mke, mtoto, ndugu, mtu baki. Rafiki namwandika mtu baki. Watu baki wanabaki darasani."

Akasubiri. Ningeweza kusema ndugu. Karani angeandika. Nilimwachia Mama Pacha.

Alimtazama mtoto aliyelala mguuni kwangu. Akamnyanyua taratibu asimwamshe, akamlaza upande wake.

"Mwandike mtu baki," akasema.

Aprili 23

Vyumba vya chuo bado havijawa tayari, tumebaki wote humu. Mama Pacha kona ile, mimi kona hii. Hofu niliyodhani ingeondoka na mlima haijaondoka. Nikisikia kiti kinaburutwa nasimama.

Aprili 25

Yule pacha mdogo, aliyechelewa dakika kumi kuzaliwa, ameamka na homa. Kufikia saa nne macho yalikuwa yanageuka. Wanasema ni maji. Mama Pacha amekaa naye mapajani asubuhi yote akimpepea kwa fomu ya karani, anamwita jina, anamwita tena. Nimemjua miaka thelathini na sijawahi kuiona sura ile, hata makaburini.

Saa sita mtu akasema gari la daktari limesimama barabarani ila haliwezi kuingia, tope limeziba lango. Mvua inapiga. Kumbeba mtoto nje katika hali ile ni kumuua.

Alisimama naye. Alizungusha macho darasani. Tuko wanawake kama ishirini. Shangazi wa nyumba ya kona alinyoosha mikono, "Nipe mimi, mwanangu." Wengine nao wakanyoosha. Akawapita. Alikuja mpaka kona yangu, akasimama mbele yangu, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akanitazama machoni. Hakuniita jina, hakuniita chochote. Akaniwekea mtoto mapajani.

"Kichwa kiwe juu," akasema. "Akitapika, mgeuze ubavu. Usimlaze chali."

"Sawa."

"Usimlaze chali!"

"Simlazi."

Akatoka mvuani kumfuata daktari, bila kitu kichwani.

Mtoto ana moto kama pasi. Pacha mwenzake ameketi kando yangu, ameshika mguu wa ndugu yake, ananiuliza mama amekwenda wapi, nami namwambia anakuja. Naandika kwa mkono mmoja. Sijui daktari atafika kwa wakati. Sijui Mama Pacha akirudi atakaa hapa au atamchukua mwanawe arudi naye kwenye kona yake, na sitamuuliza.

Kichwa nimekishika juu, kama alivyosema.